Maduara Meusi Yaliyozidi

Vijana wa wodini, siku mliyoniaga mlinipa kitenge na keki, halafu mkanipa kipaza sauti wakati keki ingali mdomoni. Nikasema asanteni, nikakaa. Baadaye nikasikia mnalalamika kwamba Bibi Sara hakutuachia neno. Haya, nawaachia kwa kalamu, maana huku hakuna wa kunikatiza eti anapokea simu.

Habari za vyeo hamtazipata. Nilianza mhudumu wa wodi nikamaliza mhudumu wa wodi, na sijutii. Nitaandika habari za wagonjwa wa viungo, kwa sababu hao ndio niliokaa nao zaidi, na kwa sababu kuna mmoja nilimkosea.

Nilishuka Same kutoka Vudee juu ya lori la kabichi, nimevaa viatu vya dada yangu. Shule nilikuwa nimefika darasa la nne. Walinichukua kwa mambo mawili tu: sikuzimia nilipoona damu, na nilijua Kiswahili pamoja na Kipare chetu. Wauguzi wengi na madaktari walitoka mikoa ya mbali. Bibi wa milimani akiulizwa anaumwa wapi, alianza kueleza kwa Kipare tangu siku alipoolewa, na mwuliza swali anabaki na kalamu hewani. Basi mimi ndiye nilikuwa naitwa. Barua yangu ya kazi haikutaja ukalimani hata siku moja, ila ndiyo kazi niliyoifanya kuliko kupiga deki.

Aliyenifundisha ni Sista Zaina, mtu wa Same mjini, ukoo wao wafanyabiashara wa tangu zamani. Maneno hakuwa nayo mengi. Siku ya kwanza alinipa sindano za kioo, brashi na kipande cha jiwe. Akanionyesha: chemsha, na hesabu dakika baada ya maji kutokota, usihesabu tangu ulipowasha jiko. Zikipoa, chukua ncha uipitishe kwenye pamba. Ikivuta uzi wa pamba, inoe tena. Nikamuuliza, nisiponoa itakuwaje.

"Itavuta nyama ya mtu," akasema. "Jaribu kwenye mkono wako."

Nikajaribu. Sikuuliza tena.

Miaka ile ilikuwa migumu, na nyie mnaotupa glavu baada ya kugusa mlango hamtaelewa. Sabuni tuliipangia foleni. Bandeji tulifua, tukaanika kwenye waya, upepo wa Same ukizichukua tunazifuata kwenye miiba hadi barabarani. Karatasi za mafaili hazikuwepo, tukaandika nyuma ya kalenda kuukuu. Ukimtafuta mgonjwa, unamkuta yuko nyuma ya mwezi wa Agosti.

Wagonjwa wa viungo walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na vibarua wa mashamba ya mkonge, watu wa kila pembe ya nchi, magoti na migongo imechakaa kwa kazi. Hao ukiwalaza siku tatu wanapata nafuu na wanaanza kuulizia sigara. Halafu kulikuwa na wengine, wengi wao wanawake, ambao kupumzika ndiko kulikowafunga. Wanaamka vidole vimekaza, hata kifungo cha gauni hawakiwezi, mpaka jua lipande. Sista Zaina aliwatenganisha kwa swali moja: inauma zaidi asubuhi au jioni? Jioni ni uchovu na uzee. Asubuhi, kamwite daktari.

Kwa hao wa asubuhi nilijifunza vitu ambavyo havimo kwenye vitabu vyenu. Usimpelekee uji pamoja na wenzake. Mpelekee kwanza beseni la maji ya moto, atie mikono, wewe nenda kahudumie wengine. Ukirudi, mpe uji kwenye bakuli la kushika kwa mikono miwili, si kikombe chenye sikio dogo. Na asipoitikia salamu upesi usiseme ana dharau. Shikamoo yako ameisikia, ana maumivu tu.

Ndipo akaja Mama Nakijwa. Alitoka kwetu Vudee, wa ukoo mmoja na mimi, mwanamke wa makamo ambaye vidole vyake vyote vilikuwa vimeanza kulala upande wa kidole kidogo. Kijijini maneno yalishamaliza kesi yake. Walisema babu yao aliiba zamu ya maji kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, akawakaushia wenzake mahindi, na sasa mikono ya wajukuu inafungwa kama yeye alivyofunga mfereji. Mama yake alikufa na mikono ya hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Rwegasira, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye maswali mengi. Akamwandikia klorokwini, kidonge kila siku. Mwezi uliofuata mama akarudi hali ni mbaya kuliko mwanzo. Nikamuuliza dawa zimekwenda wapi. Akasema alizimeza wiki moja akaacha, kwa sababu yeye hana malaria.

Kosa lilikuwa letu. Daktari hakueleza, na mimi sikumuuliza daktari. Tangu siku hiyo kila mgonjwa nilimwambia dawa ni kama khanga: unaweza kujifunga na unaweza kubebea mtoto, ni khanga ile ile. Daktari naye nilimbana aniambie hasa ugonjwa ni nini, maana siwezi kutafsiri kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui. Akanieleza kwamba mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu, na kwa watu hawa walinzi wanakosea, wanaushambulia mwili wenyewe. Nikaenda kitandani nikamweleza Mama Nakijwa kwa Kipare: mgambo wa mwilini mwako amekosea nyumba, anampiga mwenyeji.

"Basi afukuzwe kazi," akasema.

Nikamtafsiria daktari. Akacheka, akasema hawezi kumfukuza, atamlegeza tu.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Sabuni ikaonekana, mitumba ikajaa sokoni, maduka ya dawa yakaota stendi kama uyoga. Sindano za plastiki zikafika, na jiwe langu nikalihamishia jikoni nikanolea kisu. Sikulia. Lakini ruksa ilituletea na jambo jingine. Wagonjwa wa viungo wakaanza kuja na nyuso za mviringo, wamechangamka, wanatembea wima. Huko stendi waliuziwa vidonge vidogo vyeupe ambavyo wengine waliuziwa kama vya kunenepesha. Viungo vinalegea kwa siku mbili, mtu anarudi shamba. Vidonge vikiisha ghafla, analetwa amebebwa. Ukimwona mgonjwa wa namna hiyo uso umekuwa mviringo na ana furaha isiyo na sababu, mwombe akufungulie mkoba wake.

Katika miaka hiyo hiyo Daktari Rwegasira, ambaye alikuwa ameondoka kwenda kusoma zaidi, akarudi kwa utafiti. Alikuja na boksi la barafu, vichupa vya damu na makaratasi makubwa kama shuka. Akatukalisha akatueleza habari za vinasaba. Alisema kila mtu amebeba maandishi ya mwili wake, nusu kutoka kwa mama na nusu kwa baba. Maandishi yetu yanafanana, ila herufi moja moja hapa na pale zinatofautiana. Kuna mahali pale panapowaonyesha walinzi nani mwenyeji na nani mgeni, na kuna watu ambao herufi za mahali hapo zinawafanya walinzi wao kuwa wepesi wa kukosea. Wepesi tu, akasisitiza. Si lazima wakosee.

Sista Zaina akasema, kumbe ni mgambo aliyepewa picha iliyofifia. Daktari akaiandika.

Yeye alitaka familia zenye ugonjwa huu, achore ukoo mzima. Mwanamke duara, mwanamume mraba. Mzima anaachwa mweupe, mgonjwa anapakwa weusi. Wa kwanza akawa Mama Nakijwa. Tulikaa chumba cha bandeji: yeye kwenye kiti, mimi katikati, daktari na kalamu. Akauliza ana ndugu wangapi. Nikauliza. Mama akaanza kutaja, nami nikatafsiri mpaka koo likakauka. Akauliza ndugu wangapi wanaumwa viungo. Saba. Mama zake je? Watatu, na wawili wanaumwa. Shangazi na watoto wao nao wakaingia. Daktari anapaka weusi, macho yanamng'aa. Alisema familia kama hii hajapata kuiona hata kwenye vitabu. Tulipomaliza, maduara meusi yalikuwa kumi na moja, na mimi nilijiona nimefanya kazi ya msomi.

Wakati huo Nakijwa, binti yake mkubwa, alikuwa amechumbiwa na Elihuruma, fundi wa kuezeka mapaa, kijana wa Bombo. Nyie wa siku hizi mnaoana kwa simu, lakini kwetu, kabla mambo hayajaenda mbali, shangazi wa kijana anatumwa kuchunguza ukoo wa binti. Anaangalia kama kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna wezi. Na hasemi amekuja kuchunguza.

Shangazi wa Elihuruma alikuja wodini na kibuyu cha maziwa, anamtembelea mgonjwa ambaye wala hakuwa mtu wake. Mimi nakunja mashuka mezani, na lile karatasi lipo pale limetandazwa. Halikupaswa kuwa pale. Akanisalimia vizuri, akanisifia mikono yangu inavyokunja, kisha akauliza haya maduara meusi ni kitu gani. Na mimi wa darasa la nne, kwa kiburi cha mtu aliyejua jambo jana yake, nikamjibu: "Nyeusi ni wagonjwa."

Alijua kusoma. Alisimama pale muda mrefu kidogo, midomo inacheza. Akashukuru, akaondoka.

Hazikupita wiki mbili, neno likafika Vudee kwamba posa imesimama. Ukoo wenye wagonjwa kumi na mmoja, walisema, hauoleki. Na uvumi haukuishia Bombo. Nakijwa alikuwa na wadogo zake wawili wa kike nyumbani.

Mama Nakijwa alishuka mwenyewe Same, na mikono ile. Hakunisalimia. Aliniambia, "Sara, wewe ni ndugu yangu. Ulisema nini kwa yule mama?"

Nikamwambia nilichosema. Sikukipamba. Alinitazama, akageuka akaondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenitukana. Nikabaki nimesimama na lile neno lake. Wewe ni ndugu yangu. Lakini mimi na yeye hatukuzaliwa nyumba moja. Babu zetu ndio walikuwa ndugu, na wao pia sina hakika ni kwa namna gani.

Nikaenda chumba cha bandeji nikalikunjua lile karatasi, nikasoma jina moja moja kwa kidole. Nikajikuta. Sara, duara jeupe, dada yake Mama Nakijwa. Juu yangu yuko mama yangu mzazi, mzima wa afya isipokuwa goti aliloangukia na mzigo wa kuni, amepakwa weusi na kuandikwa mama wa Mama Nakijwa. Pembeni yupo jirani yetu ambaye ni ndugu kwa sababu tu tulibatizwa siku moja.

Nikalikunja nikampelekea daktari.

"Daktari, huyu hapa ni mimi."

Akatazama. "Wewe?"

"Mimi. Na huyu mweusi ni mama yangu. Ana goti bovu. Na si yeye aliyemzaa Mama Nakijwa."

Akaweka kalamu chini. "Lakini aliyetafsiri ni wewe."

"Ni mimi. Uliuliza ndugu, nikauliza ndugu. Hata ungeniuliza mimi ningekutajia kijiji."

Akasema kule kwao Bukoba nako ni hivyo hivyo, angepaswa kujua. Nikamwambia kujua kwake hakumwozeshi Nakijwa. Karatasi irudiwe, na safari hii maswali natunga mimi.

Tukapanda Vudee. Nilitandika mkeka uani kwa Mama Nakijwa, ambaye alitukubalia kwa sababu ya daktari, si kwa ajili yangu. Nikaomba mahindi na maharage, yale yale ya kupikia makande. Hindi ni mwanamume, haragwe ni mwanamke. Neno ndugu nikalipiga marufuku. Niliuliza: nani alitoka tumbo moja na wewe, baba mmoja? Weka hapa. Nani alikubeba tumboni mwake mwenyewe? Mwingine yeyote, hata kama alikunyonyesha, abaki kwenye ungo. Halafu kwa kila punje: huyu anaumwa? Asubuhi au jioni? Vidole vinakaza mpaka jua lifike wapi? Akionyesha jua juu ya mgomba, kipande cha mkaa kinawekwa kando ya punje. Mama yangu, ambaye alikuja kushuhudia, aliulizwa akasema goti lake linauma akipanda mlima, akabaki kwenye ungo na goti lake.

Mkaa uliwekwa mara tatu. Mama Nakijwa, dada yake wa tumbo moja, na marehemu mama yao. Daktari akazihesabu punje mara mbili. Furaha yake ya mwanzo ilikwisha, lakini alikuwa mtu wa haki. Alisema karatasi ya kweli yenye weusi watatu inamfaa kuliko ya uongo yenye kumi na moja.

Sasa ilibaki Bombo. Safari hii sikufungua mdomo kabla ya kuomba ruhusa. Nakijwa alikuwa anapepeta mahindi, wala hakuacha. Akasema, "Nenda, mama mdogo. Ila usinipunguzie ugonjwa kama ulivyoniongezea."

Hilo nalo nililibeba. Nilipanda gari la mizigo, nikamalizia kwa miguu. Nikawakuta wote nyumbani: mama yake Elihuruma, shangazi, na Elihuruma mwenyewe amekaa kwenye kigogo anachonga mpini. Nilipopewa maji nikayaweka chini, nikamwambia shangazi nimekuja kusema kosa langu mbele yake kwa kuwa yeye ndiye aliyelisikia. Nikaeleza neno ndugu lilivyofanya kazi. Mama mwenye nyumba akacheka mpaka akajifuta macho. Shangazi hakucheka.

"Kwa hiyo ni watatu."

"Watatu."

"Na binti anayo hiyo mbegu ya ugonjwa?"

"Huenda anayo."

"Ataumwa?"

"Sijui. Daktari naye hajui. Wako wenye nayo wanazeeka wakilima, na wako wasio nayo wanaumwa. Hata kwenye ukoo wenu huu huenda ipo."

"Ukoo huu uache," akasema. Kisha akaniuliza, "Wewe umetumwa kuitengeneza posa au kuivunja?"

"Nimetumwa nisiseme uongo."

Nilijua kwamba neno moja tamu, neno moja tu, lingemaliza kazi: ni mzima, hataumwa, chukueni. Sikulisema. Elihuruma akaulaza mpini chini.

"Shangazi," akasema, "mwaka jana nilidondoka kwenye paa mkanibeba. Hakuna aliyeuliza kama nitadondoka tena."

"Kudondoka hakurithiwi."

"Sawa. Basi hilo la kurithi tutalisubiri tukiwa tumeshaoana."

Shangazi akasema atakayechota maji mikono ya mkewe ikifunga ni yeye mwenyewe, asimtafute mtu. Elihuruma akasema maji anachota tangu yuko shule. Waliendelea hivyo mpaka nikachelewa gari, lakini nilijua posa imepona, kwa sababu shangazi alikuwa ameanza kugombana habari za maji, si za ukoo. Kwenye harusi hakunisemesha. Alinipelekea sahani ya nyama nzuri, mafuta yamejaa.

Nakijwa aliumwa. Naandika hivyo kwa sababu nyie mnapenda hadithi ambazo mtu anapona. Baada ya mtoto wa tatu, asubuhi moja alishindwa kufunga pini ya nepi. Lakini yeye alikuwa anajua swali la kujiuliza. Hakwenda kwa mganga wala kwenye vidonge vya stendi. Wiki ya tatu alikuwa mbele yangu, mumewe amembeba mtoto. Tulimwanzishia klorokwini, na alipomwachisha mtoto ziwa, dawa mpya zilikuwa zimefika, kile kidonge cha mara moja kwa wiki. Hicho kiheshimuni. Mtu akikila kila siku kinaweza kumuua. Mimi siku zote nilikipa jina: kwa watu wa Sabato, kidonge cha Sabato. Kwa Waislamu, cha Ijumaa. Kwa wengine, cha Jumapili. Hakuna anayesahau siku ya ibada, na hakuna anayeifanya mara mbili kwa wiki. Damu yake Daktari Rwegasira alishaipima: zile herufi anazo. Kaka yake wa tumbo moja anazo pia, naye mpaka leo anapanda Vudee na gunia mgongoni.

Vidole vya Nakijwa vimebaki vimenyooka, isipokuwa kimoja, ambacho anasema ni cha kuwaonyea watoto.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja siku isiyo ya kliniki. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili nisiowajua, wamevaa vizuri kuliko watu wanaokuja hospitali, mmoja ameshika kikapu. Akawavutia benchi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hawa ni nani?"

"Wamekuja kumtaka binti yangu. Walikuwa wameanza kuulizauliza huko stendi, nikawaambia wasisumbuke, nitawaleta penyewe." Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, wazi, wote tuione. "Waambie yote. Na yasiyojulikana waambie hayajulikani."

Nikawatazama wale wanawake. Mwenye kikapu aliona haya, akainamia kibuyu cha maziwa kilichokuwa ndani. Nikavuta kiti, nikaanza na swali la asubuhi au jioni.